Nyumba Haiendi Kiwengwa

Saumu mjukuu wangu,

Salamu nshakupa asubuhi ulipopita mlangoni, kwa hivyo sizirudii. Ishike bahasha vizuri, kisianguke kitu. Kile kitambulisho chako unachokitafuta tangu Ijumaa, ukapekua mito na magodoro ukamsingizia mpaka paka, hakikupotea. Nilikificha mimi, ndani ya kopo la majani ya chai. Nilijua bila kitambulisho hupandi boti. Nikakusaidia kukitafuta, tena nikapiga magoti nikachungulia uvunguni na miguu yangu hii mibovu, na huku najua kiko wapi. Sasa kimo humu. Ukikinusa utasikia chai. Hasira zako zimalize hapo kabla hujaendelea kusoma, maana mbele kuna makubwa zaidi.

Umeniomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza siku walipokupigia simu kutoka Dar, ile gereji ya springi, wakakwambia njoo. Nikajifanya sikusikia. Mara ya pili Ijumaa, nikakwambia ngoja nimalize uradi, na uradi nikaurefusha mpaka ukalala. Mara ya tatu jana, nimekalia mbuzi nakuna nazi. Ukasema, "Bibi, siwezi kwenda bila radhi yako." Mie nikakuna. Nikakuna mpaka nikala na kifuu, tui likatoka lina vumbi jeusi, tukala hivyo hivyo.

Leo umekwenda Kiwengwa kumuaga wifi yangu Hidaya na wanawake wenziwe wa mwani. Utarudi magharibi. Nami nshasali alasiri, nimekaa mezani karibu na mlango penye mwanga, naandika kwa herufi zangu kubwa kubwa, maana kalamu nimejifunza kuishika nshakuwa na wajukuu. Kinywa changu unakijua. Kimezoea kugomba, nikikituma kuomba msamaha kitarudi na ugomvi mwengine. Karatasi hainijibu, basi nitasema nayo.

Habari za kula na kulala na kufunga mlango sikuandikii. Nimezisema miaka ishirini na tatu. Kama hazikuingia kwa sikio haziingii kwa kalamu. Nitakuandikia habari ya pikapu, unayoijua nusu. Nusu ya pili ninayo mie.

Babu yako alipokufa aliniachia watoto na ile pikapu nyeupe. Watu wakanambia iuze, mwanamke hana kazi na gari. Sikuuza. Nikamtafuta Makame awe dereva, mtu wa kimya, hakimbizi gari wala maneno. Tukabeba mwani kutoka Kiwengwa mpaka maghala ya Malindi, bandarini mjini. Msimu wa mwani ukipoa, tukabeba mchanga na mawe ya watu wanaojenga. Haikukataa mzigo hata siku moja. Mie nikadhani gari lisilokataa ndilo lenye nguvu. Kumbe lilikuwa likikataa kila siku, basi tu mie sikujua lugha yake.

Unakumbuka ilivyokuwa imekaa nyuma? Ilikaa kitako kama kuku anayetaga. Pua juu, mkia chini. Makame akiwasha taa zinamulika makuti ya minazi, barabara giza. Alinilalamikia kuwa usukani umekuwa mwepesi, magurudumu ya mbele kama hayakanyagi chini. Nikamwambia mshukuru Mungu, wenzio wana usukani mzito. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mwaka ule wewe umetoka chuo cha amali, una cheti chako na ovaroli yenye madoa, na mie nimekununia kwa sababu nilitaka usome ushoni. Ukaingia chini ya gari bila ya kuitwa. Ukatoka ukasema springi zimechoka, majani yake ya chuma yamenyooka, mengine yamevunjika, ifunguliwe ipangwe upya na iongezwe. Nikakwambia majani yaongezwe kwenye chai. Watu wakacheka, nami nikafurahi kuwa nimewachekesha. Nawe ukacheka kidogo, ukanisamehe. Hilo kosa langu la kwanza.

La pili ni la boriti. Walikuwa wakitengeneza nyumba moja kule Shangani, dari imebomolewa, boriti za zamani zimelazwa njiani. Nikapita nikazitazama. Mkoko mweusi, mgumu kama chuma, msumari hauingii. Nikajisemea, huu mti umebeba dari na watu na vitanda vyao na harusi zao tangu enzi za mababu, utashindwa na pikapu? Nikaomba kipande. Nikampelekea seremala akanikatia magogo mawili mafupi, nikamwambia Makame ayatie chini, moja kila upande, juu ya ekseli, chini ya chesisi inayobeba bodi, ayafunge kwa mipira. Gari ikanyanyuka, mkia ukawa juu. Nikaizunguka mara mbili pale uchochoroni Mlandege, nimejitanda kanga mpya, kama niliyeitengeneza kiwandani.

Ukaja ukatazama. Ukasema kwa adabu, hilo nalikubali, ulisema kwa adabu, kuwa nimeinyanyua lakini sikuiongezea nguvu, na kuwa gari lazima lipate pa kushuka kidogo. Nikakujibu kuwa nyumba zote za Mji Mkongwe zimesimama juu ya boriti na hakuna iliyoomba pa kushuka.

"Nyumba haiendi Kiwengwa, Bibi," ukanambia.

Watu wakacheka. Safari hii hawakunichekea maneno yangu, walinicheka mie. Saumu, mtu mzima akichekwa mbele ya majirani anaweza kusema neno lolote. Nikakwambia hata mume hujapata, utanifunza mie kubeba. Wauza mitumba walisikia, mwenye duka la vyombo alisikia. Nilikuona midomo ikikukauka. Uliingia ndani, na kwa siku kumi na moja ulinipikia, ukanifulia, na hukuzungumza nami ila kujibu salamu. Nilihesabu siku. Sikuhesabu kwa majuto, nilihesabu ili nije nikulaumu nazo.

Siku ya kumi na mbili pikapu ikavunjika. Makame katoka Kiwengwa na magunia ya mwani, akafika tuta la Kinyasini. Alilipanda polepole, kama kawaida yake. Magurudumu yakapanda, lakini ule mti haukukubali kushuka hata ukucha, na kishindo chote kikenda kwenye chesisi. Chesisi ikapasuka pale pale gogo lilipokaa. Bodi likainama, magunia yakamwagika barabarani, Makame akajiuma ulimi hadi damu. Ikaletwa mjini inavutwa kwa kamba, mchana kweupe, ikapita mbele ya wote waliokuwa wamenicheka.

Sasa soma hapa vizuri. Nilijua siku ile ile. Nilipoona ufa na alama ya boriti juu yake, nilijua ni kazi ya mkono wangu. Lakini nilisema ni tuta, limejengwa refu. Nikasema ni kijicho cha watu. Mwisho nikasema ni Makame, kaendesha kama punda aliyekatika kamba. Nikamfukuza. Mtu aliyenitumikia miaka tisa, ulimi umemvimba hata kujitetea hawezi, nikamfukuza. Alitia funguo katika kiganja changu akaondoka. Jioni nikalikuta lile gogo umeliweka kizingitini pa jiko, umelifuta vumbi, upande wenye alama ya chuma juu. Nililitia motoni kupikia maharage. Halikushika moto, lilitoa moshi tu, nikalia machozi, nikasema ni moshi.

Ikapita miezi. Pikapu imelala uwani kwa fundi Haji kule Amani, kuku wanatagia ndani yake. Akaja Hidaya. Wanawake wa Kiwengwa walikuwa na mwani wa miezi mitatu umekauka, umejaa kibandani mpaka mlango haufungi. Mnunuzi anapakia Malindi Jumamosi, akikosa mzigo anaondoka. Na mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika. Mwani mkavu ukipigwa na mvua huna unachouza, unarudi kuwa uchafu wa pwani. Magari mengine yote yamekodiwa na wajenzi wa mahoteli. Nami nilikuwa nimewapa ahadi tangu kabla ya ufa, na sikuivunja kwa kinywa, maana ningelazimika kueleza sababu.

Hidaya hakunibembeleza. Alinambia wanawake wenziwe wamekaa katika maji ya chumvi mpaka vidole vimetoka vidonda, kisha akanywa chai yake akaondoka.

Nikakufuata jikoni. Nilitaka kukwambia mengi, nikatoa moja tu: utaweza? Ukafuta mikono. Ukasema utaweza kwa mashariti mawili. La kwanza nisikusimamie. La pili dereva awe Makame, au hushiki spana.

Basi nikenda kwa Makame kwa miguu. Mkewe akaniacha nje juani muda wa kuchemka sufuria ya mihogo, na haki yake. Makame alipotoka nikamwambia kosa lilikuwa langu, mti niliutia mimi, na nilijua. Yeye akanitazama akasema, "Bi Kazija, ulimi wangu ulipona zamani. Wako ndio niliokuwa naungoja." Kisha akaingia ndani kuvaa viatu. Nilirudi mjini mwepesi, Saumu. Nilikuwa sijui kuwa kusema nimekosa kunapumzisha mgongo namna ile. Umri wangu wote nimekwepa kitu kizuri nikidhani ni fedheha.

Uwani kwa fundi Haji ulinikatalia kusimama, hukunikatalia kukaa. Nikatafuta ndoo nikaigeuza, nikakaa mbali. Nikakuona ukizifungua zile springi, ukalaza majani chini kwa mpango, refu juu, fupi chini, ukayafuta moja moja kwa tambara kama anayefuta visahani vya mgeni. Ukaniita. Ukanionyesha jani la tatu, limekatika katikati kabisa, na kwa nje hakikuonekana kitu, kwa sababu wenziwe wa juu na chini walilibana. Ukasema, "Hili limevunjika siku nyingi, Bibi. Lilikuwa limeshikwa tu." Nilikuwa namfikiria mama yako, kule Maskati.

Fundi Haji alitaka uongeze majani manne, gari iwe ngumu, habari iishe. Mie moyoni nikamuunga mkono, si unanijua. Ukakataa. Ulimwambia gari ikiwa ngumu hivyo, siku haina mzigo itaruka kama mbuzi, na chesisi iliyochomelewa ufa itapasuka tena. Ukabadilisha yaliyovunjika, ukaongeza mawili ya urefu wa kawaida, kisha chini kabisa ukatia moja fupi, nene, lililonyooka, ambalo haligusani na kitu gari ikiwa tupu. Nikauliza la nini jani lisilofanya kazi. Ukanambia linangoja, mzigo ukija ndio linaamka.

Zile yubolti kuukuu, bolti za mfano wa U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikawa fupi, nati inashika kwa mizunguko miwili tu. Haji akasema inatosha, watu wote wanafanya hivyo. Ukavua glavu ukenda mwenyewe kwa miguu mpaka Darajani, ukazunguka duka kwa duka, ukarudi adhuhuri na yubolti ndefu nne na bolti mpya za katikati na shokapu mbili, umeroa jasho. Ukatazama na mpira wa breki wa nyuma, kwamba gari ikipanda usivutike ukakatika. Mie hapo nikaacha kukuona mtoto. Si kwa nguvu zako, wenye nguvu wako wengi gatini. Ni kwa kukataa kwako kile kilichotosha watu wote.

Ukanipa kazi moja. Nipimie, Bibi, ukasema, na mkono wako. Nikapima kutoka juu ya tairi mpaka ukingo wa bodi: shibiri moja na vidole vitatu, kulia sawa na kushoto. Ukaandika ukutani kwa chaki: mkono wa Bibi. Hukujua ulichonifanyia. Toka siku ya boriti ile ilikuwa mara ya kwanza mkono huu kuaminiwa na gari.

Alfajiri ya Jumamosi tukawa Kiwengwa. Wanawake wamejipanga kibandani, wanatoa magunia kichwani, mbio mbio, mawingu yameziba upande wote wa bahari. Pikapu ikajaa. Yaliyobaki yakatiwa kwenye tela ulilolifunga nyuma. Watu walitaka kuyarundika mwisho wa tela ili wapate nafasi ya kupanda, ukawafukuza. Ukayaweka juu ya magurudumu, mbele kidogo zaidi kuliko nyuma, ukawaambia tela likilemewa mkia litawapeleka njia nzima kama nyoka, na likilemewa pua litaikandamiza gari. Akapita dereva mmoja wa lori la mchanga, akapunguza mwendo, akauliza kama tumekodi na winchi au tunakwenda kwa dua. Hidaya akamwambia tunakwenda kwa vyote, apite asije akagongwa na mwani.

"Pima, Bibi," ukasema.

Nikaweka mkono. Mzigo wote ule, na bado ilikuwa shibiri moja kasoro kidole kimoja. Imeshuka kwa adabu, ikasimama. Nikainama nikachungulia chini: lile jani fupi limeamka, limelala sawasawa chini ya wenziwe, linabeba.

Tukapanda, Makame kwenye usukani, wewe dirishani, mie kati yenu na magoti yangu yanagusa gia. Tulipoliona tuta la Kinyasini, Makame akanitazama mie. Mie nikakutazama wewe. Wewe ulikuwa unatazama mbele. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Kisha ya nyuma. Nikauma meno nangoja kishindo. Gari ikashuka, ikapanda, ikatulia. Mara moja tu. Tela nalo likafuata nyuma, likapiga hodi kidogo, likanyamaza.

Makame akasema, "Ulimi uko salama."

Nikapiga kigelegele ndani ya gari, masikioni mwenu nyote wawili, mpaka Makame akayumba. Ng'ombe wa watu walikimbia. Hidaya na wenziwe waliokuwa nyuma yetu kwenye gari la abiria wakaitikia madirishani, njia nzima, Mahonda mpaka mjini, utadhani tumebeba bibi harusi. Tukaingia Malindi taa zetu zimetazama mbele kama macho ya watu wazima, tukapita lango la ghala, na gunia la mwisho lilipoingia ndani ndipo mvua ikapiga bati. Siku yangu ya ndoa sikufurahi vile. Babu yako anisamehe.

Lakini siku ile ile, pale pale ghalani, nikafanya kosa la tatu, na hili ndilo lililonifanya nishindwe kukupa radhi. Si kwamba sikutaka uende. Niliona haya.

Msimamizi wa wachukuzi aliizunguka pikapu, akaingiza kichwa chini, akatoka akauliza nani kafanya kazi ile, safi namna ile. Wewe ulikuwa hatua tatu, unafungua kamba za tela. Nikafungua kinywa kusema mjukuu wangu. Nikamwambia, "Fundi mmoja wa Amani."

Mpaka leo sijui kwa nini. Pengine niliogopa wanaume wale watacheka, kama walivyocheka Mlandege, nami nimechoka kuchekwa. Pengine ni mazoea tu, kinywa kimezoea kukuficha. Ulisikia. Mkono wako ulisimama juu ya fundo, kisha ukaendelea kufungua. Hukuniuliza njiani, wala nyumbani. Baada ya mwezi Dar wakapiga simu, na ukakubali kabla hawajamaliza maneno. Nilijua unakwenda mahali ambapo wakikuuliza nani kafanya, utajibu mwenyewe.

Mama yako alipokwenda Maskati kufanya kazi alinipigia magoti sebuleni, nikamgeuzia uso. Nikamwambia anayeniacha ameniacha. Akenda bila ya radhi. Miaka sita hakupiga simu, Saumu, na wewe unajua, maana ulikuwa ukingoja simu pamoja nami, kila mmoja akijifanya hangoji. Alipokuja kupiga, tulizungumza habari za mvua. Bado tunazungumza habari za mvua. Watu wakitutazama wanaona mama na mwanawe wako salama. Wewe ndiye uliyekuwa ukitushika, na wewe kesho unaondoka. Kwa hivyo leo asubuhi nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia nimemridhia tangu siku ile aliyoondoka, kinywa ndicho kilichochelewa. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Tukakaa hivyo, hatukutaja mvua.

Nilipoikata simu sikukaa. Nikajitanda, nikashuka Malindi. Nikamtafuta yule msimamizi, nikamkuta na wachukuzi wake kiasi cha kumi, wanakunywa kahawa kwenye kivuli cha kontena. Nikawaambia wasimame. Wakasimama, heshima wanayo. Nikamwambia ile kazi ya springi uliyoniuliza, nilikudanganya. Si fundi wa Amani. Kaifanya mjukuu wangu Saumu, mtoto wa kike niliyemlea kwa mikono hii, kazifungua mwenyewe, kazipanga mwenyewe, na tangu siku ile ile pikapu imebeba mwani na saruji na jenereta la hoteli, na ikitua mzigo inarudi pale pale, haijapungua hata kidole.

Msimamizi akauliza mbona siku ile sikusema. Nikamwambia siku ile nilikuwa mjinga. Wakacheka wote, nami nikacheka, na kumbe ukicheka nao hakuumi. Mmoja akasema gari lake nalo limekaa kitako, akuone lini. Mwengine naye akadai la shemeji yake. Wakaanza kugombana nani wa mwanzo. Nikawaambia mmechelewa, anapanda boti kesho asubuhi, Dar wamemuona kabla yenu, na sisi ndugu zake pia tulichelewa, kwa hivyo mfuate foleni nyuma yangu. Nikapanda njia ya kurudi kichwa juu. Sikujali jua, wala magoti.

Ndiyo niliyokuwa nayo. Sikuoni umenikosea popote, na kama kuna mahali, nimeshapasahau na usinikumbushe. Kwa ile siku ya uchochoroni nakuomba msamaha mie, mkubwa kwa mdogo, na ukitaka nitaurudia mbele ya mwenye duka la vyombo. Radhi yangu unayo, yote, ya duniani na ya akhera, haikupungua kwa kuchelewa. Nakuridhia uende. Nakuridhia ukae unavyotaka kukaa, na urudi unapotaka kurudi. Nakuridhia na kazi yako na ovaroli yako na madoa yake. Ukipata mume, na awe anajua kushika jeki. Usipopata, jeki utashika mwenyewe.

Kesho tunakwenda bandarini sote, Makame anatupeleka. Wachukuzi nimewaambia saa ya boti. Ukishapita lango, kabla hujakanyaga ngazi, nitakuita kwa kinywa changu hiki, kwa jina lako lote, Fundi Saumu binti Hamadi, gati nzima isikie. Nawe geuka, uitike naam, kwa sauti. Ukinong'ona nakuita tena.

Bibi yako,
Kazija